Weka kartye yako kwenye ramani: namna ya kuanza kazi huria na telefone moja tu

Kuna ramani ya dunia nzima inayochorwa na watu wa kawaida, bila mshahara na bila kuomba ruhusa kwa mukubwa yeyote. Kalemie na machimbo yanayoizunguka bado yana nafasi nyingi tupu. Mtoto wa mchimbaji anaweza kuanza kuzijaza juma hili. Ila ajue kwanza nini aandike, na nini aache.

Mchimbaji anayerudi Kalemie toka Kisengo ao Manono, ukimuuliza njia, hatakuonyesha karatasi. Atachukua kijiti na kuchora kwenye vumbi: hapa mto, hapa daraja lililoanguka, hapa barrière, hapa mama anauza maji, hapa pikipiki haipiti wakati wa mvua. Kwa dakika tano uko na ramani ambayo ofisi nyingi hazina. Kisha upepo unapita, na ramani inaisha.

Sasa fungua telefone, utafute njia ile ile. Ziwa utaliona. Mto Lukuga utauona ukitoka ziwani kwenda magharibi. Reli ya Kabalo utaiona. Lakini kampi ya wachimbaji, kisima, santre ya afya ya kijiji, kivuko cha mtoni, mara nyingi utakuta hapana kitu. Rangi moja tu, kama vile hakuna mutu anaishi pale.

Ramani tunayozungumzia inaitwa OpenStreetMap. Si mali ya kampuni wala ya serikali. Ilianzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, wakati alikuwa bado mwanafunzi, sababu ramani nzuri za nchi yake zilikuwa za kulipia. Wazo lake lilikuwa jepesi: kila mtu achore pale anapopajua, na kila mtu atumie bure. Leo mashirika ya msaada yanaitumia kila siku, hata huku kwetu.

Kazi ya namna hii inaitwa kazi huria. Maana yake ndani yake ni wazi: unaweza kuangalia namna ilivyotengenezwa, kuitumia, kuirekebisha na kumpa mwenzako. Programu nyingi ni za namna hiyo. Linux, aliyoianza Linus Torvalds kule Finland mwaka 1991, ni programu huria, na telefone ya Android iliyo mfukoni mwako imejengwa juu yake. Ushahidi, programu iliyozaliwa Nairobi mwaka 2008 wakati wa fujo za uchaguzi ili watu watume habari za pahali penye hatari, ni huria pia. Jina lake ni la Kiswahili, na tangu pale imetumiwa mbali sana, mpaka Haiti baada ya tetemeko la 2010.

Kukosa kwenye ramani kuna bei

Mtu atasema: mimi najua kwetu, ramani itanisaidia nini? Tuangalie kolera, ambayo hakuna familia ya Kalemie haiijui. Mwaka 2013 na 2014 Médecins Sans Frontières walichanja watu wa mji wetu juu ya ugonjwa huo. Kabla ya kutuma timu ya chanjo, kuna maswali: nyumba ngapi ziko kartye ile? Njia gani inafika? Timu ngapi zitatosha? Pale ramani iko tupu, watu wanakisia. Na wakikisia vibaya, ni mwisho wa avenue, kule nyuma, unaosahauliwa.

Kuna jambo lingine. Mgonjwa anafika lopitali, muganga anamuuliza: "Unatoka wapi?" Anajibu: "Kule nyuma ya soko, karibu na mwembe mukubwa." Mwingine anasema vile, na mwingine. Kama muganga hawezi kuweka kila mmoja pahali pake, hataona kwamba wote kumi wanachota maji kwenye kisima kimoja. London, mwaka 1854, muganga John Snow aliweka kila kifo cha kolera kwenye ramani ya kartye, na ramani ikaonyesha wazi kwamba vifo vilizunguka pompe moja ya maji kwenye Broad Street. Mpini wa pompe ulikuwa umekwisha kutolewa, sababu alikuwa ameishuku kabla ya kuchora ramani. Hakuwa na ordinatere wala satelite. Alikuwa na ramani yenye njia zote.

Ziwa nalo limetufundisha. Mwaka 2024 maji ya Tanganyika yalipanda na kuingia katika nyumba za kando, watu wakahama na vitanda kichwani. Kujua nyumba ngapi zimeingiwa na maji, lazima kwanza kujua nyumba ngapi zilikuwapo pale.

Na machimbo? Mwenye titre minier iko na ramani. Cadastre minier iko na ramani ya vibali. Mchimbaji wa mikono ndiye mara nyingi anafanya kazi bila ramani mkononi. Code minier ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inamtaka awe ndani ya coopérative na afanye kazi ndani ya eneo la uchimbaji wa mikono, ile ZEA. Utazungumza namna gani juu ya mpaka wa eneo, kama hauwezi kuonyesha kijiji chako kiko wapi, kisima chako kiko wapi, shamba la mama yako linaishia wapi?

Lakini tuseme wazi: OpenStreetMap si hati. Kuchora shimo hakukupi haki juu ya shimo, na hakuna tribinali itakayokubali ramani hiyo pahali pa kibali. Inaonyesha kwamba watu wanaishi pale. Ni kidogo, lakini si bure.

Wengine wametangulia

Hatuendi kutafuta mfano mbali. Mwaka 2014, wakati Kalemie ilikuwa bado katika Katanga ya zamani, kazi hii ilifanyika Lubumbashi, mji uliosumbuliwa na kolera kama wetu. Wanaojitolea waliokaa Ulaya walichora njia na nyumba kwa kuangalia picha za satelite. Lakini satelite haisomi jina la avenue. Basi wanafunzi wa Lubumbashi walitembea kartye kwa kartye na karatasi mkononi, wakiuliza watu: hapa panaitwaje? Mwezi wa 11 mwaka ule ule, Médecins Sans Frontières, Msalaba Mwekundu wa Marekani, ule wa Uingereza, na kundi la OpenStreetMap la mambo ya dharura, walianzisha pamoja mradi wa Missing Maps, maana yake ramani zinazokosekana.

Kabla yao, mwaka 2009, vijana wa Kibera, Nairobi, walichora kartye yao wenyewe, yenye watu wengi sana lakini kwenye ramani ilionekana kama uwanja mtupu. Na Dar es Salaam, mwaka 2015, wanafunzi na wakaaji walianza mradi wa Ramani Huria: walipita kwenye mitaa inayoingia maji wakati wa mvua, wakaandika mitaro, njia na nyumba.

Fundisho la pahali pote patatu ni moja. Mtu wa mbali anaweza kuchora mistari. Jina, kisima, na habari kwamba daraja lilianguka, vinatoka kwa mtu wa pale.

Anza kama unavyoanza kwenye shimo

Kwenye machimbo hakuna mtu anafika siku ya kwanza na kushuka chini kabisa. Unaanza kwa kubeba mifuko, ao kwa kuosha. Unaangalia wazee. Unajifunza udongo gani unashika na udongo gani unaanguka. Siku moja PDG wa shimo anakuita. Kazi huria iko vile vile. Anayetaka kufanya makubwa siku ya kwanza anavunja kazi ya wengine.

Siku ya kwanza: jiandikishe. Unahitaji anwani ya email na jina la kuingilia. Ni bure. Mtu akikuomba franka ili akuandikishe, huyo ni mwizi. Jina unalochagua litaonekana na watu wote pamoja na kila kitu unachobadilisha, basi si lazima iwe jina lako la kweli.

Siku ya pili: angalia tu. Fungua ramani pale unapolala. Hesabu: njia gani inakosekana? Shule gani? Jina gani liko na kosa? Andika kwenye kayé. Usiguse kitu bado.

Siku ya tatu: weka programu moja kwenye telefone. Kwa mwenye kuanza, StreetComplete ni nyepesi sana. Iko kwa Android. Unatembea, nayo inakuuliza maswali: njia hii ni ya lami ao ya udongo? Avenue hii inaitwaje? Unajibu, basi, umechangia. Ukitaka kuongeza duka, kisima ao kanisa ambalo haliko, tumia Every Door ao Organic Maps.

Utaniuliza: "Na mamega je? Miye sina pesa ya kuweka kredi kila siku." Swali la haki. GPS ya telefone inasikiliza satelite, haili mamega. Pakua eneo lako mara moja pale penye Wi-Fi ao siku uko na kredi kidogo, kisha tembea bila réseau. Majibu yanakaa ndani ya telefone mpaka utakaporudi kwenye réseau na kuyatuma. Hii ni nzuri kwa anayeenda machimbo ambako réseau inapatikana juu ya kilima kimoja tu. Ila bila réseau GPS inaweza kuchelewa kupata pahali ulipo. Simama peupe, mbali na manjanja na miti, ungoje dakika chache.

Mwenye ordinatere, ao mwenye rafiki kwenye cyber, anaweza kuchora nyumba na njia kutoka picha za satelite. Kundi la dharura la OpenStreetMap linagawanya kazi katika miraba midogo. Unachukua mraba mmoja, unachora manyumba yaliyo ndani, unaonyesha kwamba umemaliza. Mtu mwingine, mwenye uzoefu, anapita nyuma yako na kuhakikisha. Jua tu kwamba picha inaweza kuwa ya zamani: nyumba iliyochukuliwa na maji bado inaonekana, na ile ya manjanja iliyojengwa mwaka huu haiko. Hapo ndipo wewe wa hapa unamshinda yule wa Ulaya.

Sharti tatu ambazo hazina mchezo

Ya kwanza: usikopi kutoka ramani nyingine, hata ya Google. Ile ni mali ya watu. Ukikopi, kazi yako itafutwa, na unaweza kuharibu kazi ya wengine. Andika ulichoona kwa macho, ulichouliza, ao unachokiona kwenye picha zile mradi umeruhusu.

Ya pili: jina ni lile watu wa pale wanatumia. Usitunge. Uliza mzee, uliza mama wa sokoni, uliza chef wa kartye. Wakikosana, uliza tena kesho. Jina la zamani nalo liko na nafasi yake: Kalemie iliitwa Albertville, na kwenye OpenStreetMap kuna pahali pa kuandika jina la zamani bila kufuta la leo.

Ya tatu: kila ukituma, eleza kwa mstari mmoja ulichofanya. "Nimeongeza visima viwili na shule, nimefika mwenyewe." Anayekuja nyuma ataelewa. Akikuandikia kwamba umekosea, usikasirike. Kwenye kazi huria kusahihishwa ni kawaida, hata kwa wakubwa. Uliza kwa adabu, rekebisha, endelea.

Nini usiandike

Hapa familia za wachimbaji zisome pole pole.

Ramani ya wazi inafunguliwa na watu wote, wazuri na wabaya. Kisima, shule, santre ya afya, soko, daraja, njia ya mguu: hivyo vinasaidia wengi. Lakini nyumba ambamo négociant analaza mzigo, saa ya kubeba mchanga, njia ambayo wenye pesa wanapita, pahali pa askari, pahali pa watu waliokimbia vita wamejificha: hayo hayana kazi kwenye ramani. Wala jina la mtu na telefone yake. Anayejua kilo ngapi ziko wapi hahitaji kuwa rafiki yako.

Na shimo lenyewe? Machimbo mengi makubwa yanajulikana tayari. Shirika la utafiti IPIS la Antwerp, Ubelgiji, linachora tangu 2009 ramani ya machimbo ya mikono mashariki ya Kongo, na kila mtu anaweza kuifungua. Lakini shimo jipya, dogo, ambalo watu wa kijiji wanaishi nalo bila kelele, si lako peke yako kutangaza. Zungumza na wenzako wa coopérative, na chef, na wanawake wanaoosha pale, sababu wao ndio wa kwanza kuumia mambo yakiharibika. Wakisema hapana, ni hapana. Kilichotumwa kinaweza kufutwa kwenye ramani, lakini historia inabaki, na kopi ziko kila pahali.

Toka ramani mpaka ndani ya programu

Kuna kijana atakayechoka na visima. Atataka kujua ile programu iliyomuuliza maswali imeandikwa namna gani. Mlango uko wazi pia. StreetComplete na Organic Maps, maandishi yake ya ndani yanaonekana na kila mtu.

Hata hapo usianze kwa kuandika programu. Anza kwa kuonyesha kosa: "Nikibonyeza hapa, inafunga. Telefone yangu ni ya namna hii, nilifanya hivi na hivi." Taarifa safi ya kosa ni mchango wa kweli, na wenye programu wanaihitaji sana. Mchango wa pili ni kutafsiri. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilionyesha hilo tangu 2004, mradi wake wa Kilinux ulipotoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Tena kuna Common Voice ya Mozilla, inayokusanya sauti za watu ili mashine zijifunze lugha nyingi, Kiswahili kikiwa ndani. Mashine ikisikia watu wa Dar na Mombasa tu, itaelewa namna gani mama wa Kalemie?

Ukishajifunza kuandika programu kidogo, tafuta kazi ambazo wenye mradi wametia alama kwamba ni za wenye kuanza. Unachukua kopi ya programu, unarekebisha kosa moja tu, unaomba mabadiliko yako yapokelewe. Mwenye kusimamia atasoma, atauliza, pengine atakataa. Mara ya kwanza wengi wanarudishwa. Usihesabu kama aibu. Hata mfuko wa mchanga unaoshwa zaidi ya mara moja.

"Na mshahara?"

Baba atauliza, na iko na haki. Jibu ni: hakuna. Kazi hii haitaleta sombe jioni. Asikuahidi mtu kwamba ukichora nyumba mia utapata kazi ya ONG. Fanya saa mbili za siku ya yenga, usiache masomo wala kazi ya mkono.

Unachopata ni vitu viwili. Kwanza ufundi: GPS, picha za satelite, kupanga habari, kuandika vizuri. Pili ushahidi: kila ulichofanya kinabaki pale na tarehe yake, chini ya jina ulilochagua. Kijana mwenye diplôme d'État ambaye hana wa kumsemea ofisini anaweza kuonyesha mambo mia tatu aliyoyafanya kwa mikono yake. Wasimamizi watasoma ao hawatasoma, lakini yapo.

Usifanye peke yako. Nchini kwetu kuna jumuiya ya OpenStreetMap RDC, na watu wake wanajibu kwa Kifaransa. Hapa Kalemie watu wanne wanatosha: mmoja mwenye telefone nzuri, mmoja mwenye ordinatere, mmoja anayejua wazee wa kartye, na mmoja mwenye moto ya kuuliza. Shule, parokia ao coopérative inaweza kuwapa meza na chumba mara moja kwa mwezi.

Kwa siku ya yenga inayokuja, chagua avenue moja. Yako. Tembea toka mwanzo mpaka mwisho. Uliza jina lake kwa watu watatu. Andika pompe ya maji iko wapi, na kama inatoa maji. Tuma. Ukilala usiku ule, avenue yako itakuwa na jina kwenye ramani ya dunia, na muganga atakayeitafuta siku ya kolera ataiona.